Garantii ya Mkunga

Kamera ya Mkunga ilinuka dawa ya hospitali. Ilinuka dawa, sabuni ya kipande na maziwa ya watoto wachanga, na pale ngozi yake nyeusi ilipobanduka pembeni, mwenyewe aliirudishia kwa plasta ya vidonda. Kwa kamera hiyo mwanamke yule alipiga picha mbovu kwa karibu miaka ishirini, na sijaingia nyumba Kibosho nisizikute ukutani.

Mpiga picha ni mimi. Ninaliandika hili mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi. Nilijifunza kazi Dar es Salaam, nikafungua studio Moshi mjini, na kwa kazi hiyo nimelea familia na kujenga nyumba mtaa wa Soweto, hukohuko mjini. Yeye alikuwa mkunga wa zahanati ya parokia, picha alipiga kwa kupenda tu. Jina lake silitaji kwa sababu sikumbuki kulitumia hata mara moja. Wazee walimwita Mkunga, watoto aliowapokea walimwita Mkunga, na Padri alipomtangaza kanisani alisema Mkunga, na kila mtu akajua ni nani.

Sababu ya kumwandika ni binti yangu Felista. Amepata kazi ofisi ya kilimo: atapita mashamba ya kahawa, kuanzia Kibosho hadi Kirua Vunjo, akipiga picha za magonjwa ya mibuni. Kamera anatakiwa kujinunulia. Baada ya miaka ya rafu tupu, maduka ya mjini yameanza tena kuwa na vitu, na duka moja karibu na soko lina kamera anayoitaka. Mwenye duka amemwambia kwamba garantii ya kiwanda ni ya mwaka mmoja, lakini akiongeza fedha atapewa garantii ya nyongeza ya miaka mitatu. Akiongeza fedha hiyo, hatabakiwa na ya kununulia mikanda ya filamu ya kuanzia kazi. Amepewa hadi Jumamosi kuamua.

"Baba, nichukue au nisichukue?"

Kwa miaka yote hii jibu langu limekuwa hapana, na nina hesabu za kulitetea. Lakini katika maisha yangu namfahamu mtu mmoja tu aliyewahi kuichukua garantii ya aina hiyo, na mtu huyo hajaniachia raha na hesabu zangu.

Nianze na mikono yake. Haikuwahi kukauka. Alimpokea mtoto, akanawa, na kabla ya kutafuta taulo alikuwa ameshashika kamera. "Mtoto hasubiri taulo," alisema. Mimi kamera yangu niliifunga kwa kitambaa cha mahameli, nikaiweka ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na mvua ikinyesha haikutoka humo. Yeye aliivaa shingoni akipanda mteremko, akivuka mfongo, mfereji wetu wa maji, juu ya gogo, akikata majani ya ng'ombe. Siku moja niliikuta imening'inia kwenye msumari jikoni kwake, chungu cha mtori wa ndizi kikifuka chini yake.

"Mkunga, mvuke huo!"

"Mvuke wa mtori haujaua mtu, Fundi. Leo umelowa?"

Aliniita Fundi, na hilo ndilo lilikuwa swali lake kwangu kila tulipokutana: leo umelowa? Hata jua likiwaka. Watu walicheka, nami nilicheka nao, maana mtu asiyecheka hutaniwa zaidi.

Picha zake nazijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye niliyezisafisha. Kila mwisho wa mwezi aliniletea mkanda studio. Nikifunga mlango wa chumba cha giza, nikichovya karatasi katika dawa, nilikuwa naomba zisitokee. Zilitokea. Zilikuwa zimepinda. Zilikata miguu, zilikata vichwa. Katika ubatizo mmoja alimpiga Padri kuanzia kidevu kwenda chini. Padri aliitazama picha ile, akasema, "Angalau msalaba umeonekana," akaiomba akaitundika ofisini kwake. Katika studio yangu Padri huyohuyo alikaa mbele ya taa mbili, kichwa chake chote kikatokea pamoja na kila nywele iliyobaki, na picha ile aliituma Ulaya asiione tena.

Nilijaribu kuelewa watu wanaona nini. Mama mmoja alikuwa na picha mbili za mwanawe, yangu na ya Mkunga. Ya kwangu ilikuwa sandukuni, imefungwa kwa gazeti isipate vumbi. Ya Mkunga ilikuwa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, nusu ya sikio la mtoto imekatwa. Nilimuuliza kwa nini. Akanihurumia, nikaona kabisa ananihurumia.

"Ya kwako ni nzuri, Baba. Lakini huyu hapa ndiye yeye."

Sasa niseme habari ya garantii.

Mimi na Mkunga tulinunua kamera siku ileile, katika duka moja, za aina moja. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Duka lilikuwa la bwana mmoja wa Kihindu ambaye ukoo wake ulifanya biashara Moshi tangu reli ilipofika. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na kabla ya kukupa kitu alikipangusa kwa shati lake. Nilipoingia nilimkuta Mkunga amesimama mbele ya kabati la kioo, begi lake la kazi sakafuni, kapu la ndizi kando yake. Mwenye duka alimweleza kama alivyonieleza mimi: kiwanda kinadhamini ubovu wa kiwandani kwa mwaka mmoja. Duka litaongeza miaka mitatu, na garantii ya duka ni hata kwa kuanguka na kuingia maji, ila kila mwaka kabla ya masika kamera iletwe isafishwe, na asiifungue fundi mwingine.

Mkunga alimhoji kama anavyomhoji mwanamke mwenye uchungu.

"Ikianguka kutoka mezani?"

"Tunatengeneza, Mama."

"Ikitumbukia mfongoni?"

"Maji tumeandika."

"Na mtoto akiikojolea?"

Mwenye duka alifikiri kwa makini. "Mama, mkojo nao ni maji."

"Basi nachukua," akasema. Hakuomba hata kupunguziwa, yeye ambaye sokoni aligombania kitunguu.

Mimi nilikuwa na elimu yangu ya Dar es Salaam, nikaona nisaidie. Nilimwambia kwamba kitu kizuri hakihitaji garantii, na kama ni kibovu kitaonekana mwaka wa kwanza, kiwanda kikiwa bado kinalipa. Alinigeukia polepole.

"Hata mtoto mzuri hupigwa chanjo, Fundi."

Watu wawili waliokuwa dukani walicheka. Nilinunua yangu bila nyongeza, nikatoka.

Hesabu zangu zilikuwa hivi, na hadi leo sijaona kosa lake. Kwanza, muuza duka si mjinga. Asingeuza garantii kama angetarajia kutengeneza kamera za watu wote, kwa hiyo wengi wanaolipa wanalipia wachache wanaovunja. Pili, mimi si katika hao wanaovunja. Tatu, fedha ile nikiitenga mwenyewe nitakuwa nayo kamera ikivunjika, na nitakuwa nayo isipovunjika. Niliitenga katika kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Miaka minne ikapita, kamera haikuugua hata mafua. Nikafungua kopo nikamlipa mchoraji, akanichorea pazia la studio: Kibo yenye theluji, mgomba mmoja kila upande, na anga la buluu lisilo na wingu. Wateja walilipenda. Nje ya mlango mlima wenyewe ulikuwa palepale, lakini mara nyingi ulikuwa na ukungu.

Kwa hesabu nilishinda, msomaji anaweza kurudia kuzipiga.

Yeye alivunja. Iliangushwa na mzazi aliyerusha mkono kwa uchungu, lenzi ikalegea. Ilitumbukia mfongoni siku ya watu kuchimba mfereji, akaingia nayo akiwa na gauni lake la kazi ili awapige wanaume waliosimama tope hadi magotini. Ukungu wa mlimani ukaotesha kuvu ndani ya kioo. Kila mara aliishusha mjini, akimwambia kila aliyemuuliza njiani, "Nampeleka kliniki." Na kila mara ilirudi inafanya kazi. Nilikuwa nikimwona akitoka dukani nayo shingoni, plasta yake pembeni, nami nasimama mlangoni pa studio yangu nikijiambia kwamba mtu anayeharibu vitu ndiye anayefaidi.

Wivu una macho mazuri. Ulinifanya niyaone mambo yake ambayo wengine hawakuyaona. Niliona, kwa mfano, kwamba mwanamke huyu mwenye garantii ya kamera hakuwa na kufuli mlangoni. Paa lake lilivuja mahali pamoja kwa miaka, akaweka sufuria, sufuria ikawa sehemu ya nyumba. Ng'ombe wake alikufa kwa kutopelekwa kwenye josho, na alilia kama mtoto. Wazazi aliwagombeza wasipoleta watoto kupimwa, lakini jino lake mwenyewe liliuma kuanzia masika hadi kipupwe asiende kung'oa. Nilimwambia siku moja, tena mbele za watu, kwamba anadhamini kamera na kuacha nyumba.

"Nyumba haitoki nje, Fundi," alisema. "Mimi naweka garantii kwa kile ninachokwenda kukitesa."

Halafu akaniuliza kama nimelowa.

Lipo kosa moja alilolifanya ambalo nilidhani litamaliza yote. Krismasi ya mwaka wa pili alichinja mbuzi, kama ilivyo desturi watoto wakirudi nyumbani. Siku iliyofuata sikukuu alishuka mjini. Nilikuwa dukani nanunua karatasi za picha. Aliingia na kitu kimefungwa kwa jani la mgomba, akakiweka juu ya kioo cha kabati, juu ya lenzi.

"Hiki chako," alimwambia mwenye duka.

"Nini hiki, Mama?"

"Kidari."

Kwetu kidari cha mbuzi hakipewi mtu hivihivi. Ni nyama ya heshima, ina mtu wake na mahali pake, na watu wamewahi kununiana miaka kwa kidari kilichokwenda kwa asiyestahili. Lakini mwenye duka hakula nyama tangu azaliwe. Mkewe, aliyekuwa nyuma akihesabu vifungo, aliuvuta mtandio puani. Damu ilikuwa inachuruzika taratibu kutoka kwenye jani kwenda kwenye kioo. Nilishika midomo yangu. Nilisema moyoni, leo atafukuzwa.

Bwana yule alikipokea kwa mikono miwili. Akakishika hivyo, mikono imenyooka mbele kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake, hadi Mkunga alipoaga na kutoka. Ndipo akanigeukia.

"Kwa desturi yenu, hii anapewa nani?"

"Mkwe," nikasema. "Au mkubwa wa nyumba."

Kisha akamwita jirani yake Kalasinga wa gereji, akampa kile kidari, akaomba maji akanawa hadi viwiko. Akirudi kukipangusa kioo alisema, kwa sauti yake ile ndogo, "Basi mimi ni mkwe wake."

Nilihakikisha Mkunga ameambiwa kwamba mtu yule hali nyama. Nilimwambia mwenyewe. Hakuona aibu hata kidogo.

"Sikumpa ale. Nilimpa heshima, na ameipokea." Mwaka uliofuata alimpelekea mkungu wa ndizi, akitangaza njia nzima kwamba mkwe wake ana tumbo laini.

Ile miaka ya garantii iliisha, na mimi nilijua imeisha, maana nilikuwa nahesabu kuliko yeye. Lakini kamera iliendelea kwenda kliniki kila mwaka kabla ya masika, na kurudi imetibiwa. Siku moja sikuvumilia. Nilimuuliza mwenye duka, kwa namna ya utani, kama garantii ya Mkunga ni ya maisha.

"Karatasi imeisha," alisema. "Ukwe hauishi."

Miaka ile ambayo majengo mengi ya mjini yalichukuliwa na Serikali, familia ya mwenye duka iliamua kuondoka. Bwana yule alituma salamu kwa dereva wa basi la Kibosho kwamba Mkunga ashuke na kamera. Nami nilisikia, nikachukua sanduku langu la mbao nikaenda siku hiyohiyo. Nilikuwa nimefikiri hivi: kama anagawa tiba ya mwisho, kwa nini nisipate? Mkunga alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha wateja, kamera yake imefunguliwa juu ya gazeti, vyuma vyake vyote nje. Mwenye duka aliisafisha bila haraka, akaifunga, akampa na mikanda iliyobaki dukani.

Kisha akaipokea yangu. Aliitoa kwenye mahameli, akausikiliza mlio wake sikioni, akaitazama lenzi kwenye mwanga, akaigeuza kila upande. Ilikuwa inang'aa kama siku aliyoniuzia. Nilisubiri sifa.

"Hii haijaugua," alisema, akinirudishia. "Hii haijafanya kazi."

Mkunga hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka.

Nimefika kwenye picha ya mama yangu.

Mama yangu hakupenda kamera yangu. Nilimleta studio mara kadhaa, nikamkalisha mbele ya pazia la mlima, na kila mara alikaa kama anayesubiri kusomewa hukumu.

"Mama, tabasamu kidogo."

"Nitabasamu nini, nimeacha ng'ombe hajala."

Felista alizaliwa masika, nyumbani kwa mama, katika kihamba, shamba letu la ukoo, Kibosho. Barabara ilikuwa imeharibika, gari lisingeweza kumshusha mke wangu mjini. Mimi nilipanda kwa miguu kutoka mjini, na kamera niliiacha ndani ya sanduku lake. Mvua ile ingeiua, na sikuwa na garantii. Mkunga alifika amejifunika jani la mgomba kichwani, begi mkono mmoja, kamera shingoni. Mambo yalikwenda vizuri. Nilikuwa barazani niliposikia sauti ya mtoto, kisha sauti ya mama yangu akimtoa mtoto mlangoni, kando yangu, kisha mlio wa kamera. Nilijua mlio huo. Yangu ilikuwa na mlio huohuo.

Mwisho wa mwezi alileta mkanda. Nilijifungia chumba cha giza, nikachovya karatasi moja baada ya nyingine, na katika mojawapo kilichotokea kwanza ni mdomo. Ulikuwa wazi. Kisha meno, na pengo ambalo maisha yangu yote mama alilificha kwa kiganja. Kisha macho yaliyofumba kwa kicheko, kisha mtoto mikononi mwake, kisha matone ya mvua yanayoanguka kutoka kwenye ukingo wa paa, yamesimama hewani. Kona ya chini kulikuwa na kiwiko cha mtu. Kilikuwa changu. Sehemu ya juu ya kitambaa cha mama ilikuwa imekatwa, kama kawaida yake.

Nimepiga picha zaidi ya watu ninaoweza kuwakumbuka, na katika zote hakuna iliyotokea hivyo. Nilisimama nayo mkononi, dawa ikinidondokea viatuni. Kumuonea mtu wivu kwa mali yake nakuelewa. Huyu alikuwa ameshika kicheko cha mama yangu, mbele yangu, nami kamera ya aina ileile nimeiacha mjini, kavu.

Mama alipofariki, miaka baadaye, dada zangu walichagua picha ya kutanguliza mbele ya jeneza. Nilikuwa nimewapelekea bahasha ya picha zangu, kubwa, zenye mwanga sawa pande zote. Walichukua ya Mkunga. Makaburini watu walinishika mkono wakisema, "Pole sana. Na picha hii, hongera, umempata mama." Kwa kila mmoja ilinibidi niseme si yangu.

Nilikuwa nimeandika hadi hapo. Ijumaa, siku moja kabla ya kuamua, Felista alisema, "Baba, twende tukamuulize Mkunga." Sikutaka. Nilisema barabara mbaya, nilisema ni mzee, nilisema anachojua ni kuzalisha. Akavaa viatu, nami nikachukua sanduku langu, sijui kwa nini, pengine kwa sababu mpiga picha hapandi Kibosho mikono mitupu mbele ya Mkunga. Tulimpelekea nusu kilo ya sukari.

Tulimkuta jikoni kwake akimenya ndizi mshare za mtori wa mzazi wa nyumba ya pili. Zahanati alikwisha kustaafu, mtori hakustaafu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akamenya kwa kupapasa. Nje manyunyu yalikuwa yanaanza.

"Shikamoo Mkunga," alisema Felista.

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako naijua, nilikuwa wa kwanza kuisikia. Na huyo anayepangusa viatu mlangoni ni Fundi. Leo umelowa?"

"Bado," nikasema.

"Hujambo basi."

Felista alimweleza yote: kamera, mikanda, garantii, Jumamosi. Mkunga alisikiliza akimenya. Kisha akauliza swali moja.

"Utaipeleka wapi?"

"Kila mahali, Mkunga. Mashambani. Masika na kiangazi."

"Utamwazima mtu?"

"Hapana."

"Basi chukua. Na kabla hujalipa muulize kama maji yameandikwa." Akakitupa kipande cha ndizi sufuriani. "Baba yako hakukosea kutochukua. Yake ilikuwa inaishi sandukuni. Sanduku ndilo lilikuwa garantii."

Aliyasema hayo bila utani, na hilo ndilo lililonikaa moyoni. Sikujua kama nimetetewa au nimezikwa.

Kisha akaomba kitu ambacho hakuwahi kuniomba. Alisema katika nyumba zote hizi hakuna picha yake hata moja, kwa kuwa kamera muda wote ilikuwa mikononi mwake. "Nipige, Fundi. Wewe ndiye unayejua kazi. Nipige nikiwa na kichwa."

Nilifurahi, sitaficha. Nilimkalisha mlangoni, ndani ya kizingiti, mahali pakavu. Nilitandua mahameli, nikapima mwanga mara mbili, nikamwomba ainue kidevu. Akainua. Nikapiga. Ilikuwa picha safi, nilijua hata kabla ya kuisafisha.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari."

Wakati huo manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua. Felista alikuwa ameshaishusha kamera ya Mkunga kutoka kwenye msumari wake. "Ina mkanda?"

"Umebaki kidogo."

Akatoka nayo uani, bila kofia, bila jani la mgomba. Nilimwita arudi. Alikuwa amechuchumaa kwenye tope, maji yanamtiririka usoni, anapangusa lenzi kwa pindo la sketi.

"Mkunga!" akaita kutoka mvuani. "Leo nimelowa!"

Nikasikia mlio.

Jumamosi tulikwenda dukani. Felista aliuliza kuhusu maji, na maji yalikuwa yameandikwa. Garantii nililipa mimi, mikanda akanunua yeye. Fedha niliipata asubuhi ileile kwa kijana mwenye studio mpya karibu na stendi, aliyekuwa amelitaka pazia langu la mlima kwa muda mrefu. Jioni nilisafisha picha zote mbili. Katika yangu Mkunga anaonekana wote, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi vidole vya miguu, na amekaa kama anayesubiri kusomewa hukumu. Katika ya Felista paji la uso limekatwa, mlango umepinda, na mdomo uko wazi hadi kwenye jino lile ambalo hakwenda kung'oa.

Wana wa Mkunga walipokuja kuchukua picha niliwawekea zote mbili mezani, nisiseme ipi ni ya nani. Walichukua moja. Nyingine ninayo hapa, imefungwa kwa gazeti isipate vumbi.